Kitambi cha Baba Yako na Macho Yake

Ipo siku moja ya mnada, mwanangu Daudi, ambayo kila nikiiweka kando inarudi na kukaa mbele yangu, na tangu mke wako aliponipigia simu juzi imekataa kabisa kuondoka. Nimekwenda shambani, nimeacha jembe nikarudi. Nimefungua kitabu, nimejikuta nasoma mstari uleule. Sasa mimi baba yako mdogo nimeketi kukuandikia, na nitaandika kwa utaratibu ingawa moyo wangu hauna utaratibu, kwa kuwa jambo lenyewe ni la macho yako, na macho hayasubiri watu wamalize kubishana.

Mke wako amenieleza kwamba kliniki ya kisukari hapo Ikungi imekuandikia rufaa ukapimwe macho, nawe umeikunja, ukaitia mfukoni, ukasema, "Mimi nasoma ujumbe wa simu bila miwani, nikapimwe nini?" Amenieleza pia kwamba mkanda wako umefika tundu la mwisho, na kwamba wenzako ofisini wanakuita Bosi kwa ajili ya tumbo hilo, nawe unacheka. Baba yako naye alicheka. Ndiyo maana nakuomba usiiweke barua hii pembeni ukangoje kuisoma ukipata nafasi.

Wewe ulikuwa mdogo wakati ule, na mengi unayoyajua kuhusu upofu wa baba yako umeyapata kwa watu. Wapo waliokuambia ni vumbi la mnadani. Wapo waliokuambia ni upepo wenye chumvi utokao ziwani. Wapo, na hawa ndio wanaonikera kuliko wote, waliokuambia kwamba mchuuzi mwenzake alimwendea kwa mganga. Nimefundisha baiolojia maisha yangu yote ya kazi, na sikumruhusu mwanafunzi yeyote aandike neno "inasemekana" kwenye karatasi yangu ya mtihani. Nitakueleza nilichokiona mwenyewe na nilichoelezwa na daktari nikiwa nimesimama mbele yake. Pale nisipojua, nitasema sijui.

Kaka Njiku, baba yako, alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, na katika minada yote ya upande wetu hakuna aliyemzidi kwa jicho. Mnyama akiwa bado anaingia mnadani, katikati ya vumbi na makelele, yeye amekwisha kujua kama ana uzito au ana maji tumboni tu, kama amelishwa vizuri au amepewa chumvi jana anywe maji mengi aonekane amejaa. Wafugaji walimheshimu kwa hilo. Walimheshimu pia kwa tumbo lake. Usicheke. Miaka ile mchuuzi mwenye kitambi alikuwa ushahidi unaotembea: biashara yake inakwenda, nyumbani kwake wanakula, mwili wake mzima. Kaka alikuwa akifungua vifungo vya koti ili lionekane, akalipiga kofi na kusema, "Hili nalo ni dume la mbegu." Watu wakaangua kicheko, na biashara ikaendelea.

Kisha akapata kidonda kidogo mguuni, cha kukwaruzwa na mwiba, kikakataa kupona. Hospitali walipima damu, wakakuta sukari iko juu sana. Daktari akampa vidonge, akamwambia mambo mawili mengine ambayo kaka alinisimulia yeye mwenyewe: apunguze tumbo, na aende kupimwa macho. La macho alilidharau siku hiyohiyo. "Mimi namwona kupe kwenye sikio la ng'ombe aliye ng'ambo ya kamba," aliniambia. "Niende kupimwa macho kwa sababu ya kidonda cha mguu?" Lakini la tumbo, nasema kwa haki yake, alilitii. Aliacha kupanda lori, akatembea na wachungaji nyuma ya ng'ombe. Aliacha soda. Akala ugali wa mtama na mlenda kama alivyolelewa, na nyama akaigusa kwa kiasi. Mwili ukaanza kupungua, kidonda kikafunga, na sukari ikashuka.

Hapo ndipo palipoharibika, mwanangu, na nataka uelewe kwamba hapakuharibika kwa ujinga wa mtu mmoja. Miaka ile kukonda kulikuwa kesi. Ule ugonjwa ambao hatukupenda kuutaja kwa jina lake ulikuwa umeingia katika vijiji vyetu, na mtu aliyepungua kilo alikuwa amekwisha kuhukumiwa kabla hajafungua mdomo. Nilikuwapo siku mfugaji mmoja, mtu wa utani sana, alipomzunguka kaka akimtazama kama anavyotazamwa ndama mgonjwa.

"Njiku, mbona koti limekukimbia?"

"Sukari, bwana. Daktari kaniambia nipungue."

"Sukari!" Yule mfugaji akawageukia wenzake. "Siku hizi kila mtu sukari. Hata wale tuliowazika mwaka jana walikuwa na sukari."

Wakacheka. Kaka naye akacheka, lakini nilimwona akifunga vifungo vya koti. Wiki zilizofuata mama muuza supu alianza kumtengea bakuli lake peke yake, lenye alama ya rangi chini, na watu waliokaa naye benchi moja wakagundua kwamba benchi lingine lina kivuli kizuri zaidi. Hakuna aliyemuuliza. Hakuna aliyetaka kuona cheti cha hospitali. Ilisemekana tu, ikatosha.

Kaka akafanya uamuzi. Hakunishauri, nami nilikuwa nimekwisha kurudi mbali kufundisha. Aliamua kulirudisha tumbo. Akarudia supu yenye mafuta asubuhi, nyama ya kuchoma mchana, na jioni wali uliokaangwa kwa mafuta ya alizeti mpaka unateleza. Na kwa kuwa alijua sukari amekatazwa, rafiki yake wa Mitundu akamletea asali, dumu zima, akimhakikishia kwamba asali haina madhara kwa mgonjwa wa sukari kwa sababu ni ya porini. Kaka akaiweka kwenye uji, kwenye chai, akailamba kwa kidole. Akasikia pia kwamba asali inasafisha macho, akawa anatia tone katika kila jicho kabla ya kwenda mnadani.

Nilipokuja likizo nikamkuta amejaa kama zamani, na dumu liko mezani.

"Kaka, asali ni sukari."

"Ya nyuki, mwalimu. Ya nyuki."

"Damu yako haijui nyuki wala kiwanda."

"Wewe damu yako inajua nini? Hebu jitazame. Hata suruali inakuonea huruma." Akacheka mpaka tumbo likatikisika, kisha akaacha kucheka, akasogeza kiti karibu. "Wewe una mshahara, mdogo wangu. Ukikonda, serikali itakulipa vilevile. Mimi nikikonda nimezikwa."

Mpaka leo ninapoikumbuka sauti ile siwezi kukaa kitini. Alitishiwa na vitu viwili, maneno ya watu na upofu, lakini maneno ya watu yalikuwa na sauti na upofu haukuwa nayo. Kisukari kinapoingia machoni hakipigi hodi. Hakuna maumivu, hakuna wekundu, hakuna tongotongo. Mtu anasoma, anaendesha, anahesabu mbuzi wake, na huku nyuma ya jicho mishipa midogo inaendelea kuharibika.

Ndipo watu wakaanza kusifia jambo jipya. Walisema Njiku siku hizi amekuwa fundi zaidi, kwa kuwa hamtazami tena ng'ombe kwa mbali bali anamsogelea, anampapasa nundu, anapitisha kiganja mbavuni, anaminya shina la mkia kwa vidole kutafuta mafuta. Wachuuzi vijana wakaanza kumwiga. Nawe huenda umewahi kuona vijana wa mnadani wakifunga macho wanapompapasa mnyama, wakijidai ni ufundi wa zamani. Naamini wengi wao hawajui ulianzia wapi.

Likaja na lalamiko. Wazee wakaanza kusema Njiku amevimba kichwa. Anapita mbele ya mtu wa umri wa baba yake bila shikamoo, kana kwamba amepita kichaka. Kwetu wewe unajua hilo ni kosa gani. Maneno yakamfikia shangazi Mwiru, dada ya baba yetu, mwanamke aliyetulea baada ya mama kufariki. Alikuwa mfupi na mwembamba, na hakuwa mtu wa kuulizwa kitu mara mbili.

Sasa nakuja kwenye siku ile. Shangazi alifika mnadani na kuku zake kwenye tenga, nami nikiwa na kaka. Alipotuona akaweka kidole midomoni mwake kwa mbali, kuniashiria nikae kimya. Akaweka tenga chini, akatembea mpaka mbele ya kaka, akasimama. Hakusema neno. Jua lilikuwa linawaka, uwanja wazi, na hapakuwa na mtu kati yao. Kaka akaenda mbele, akampita kwa ubavu, koti lake likagusa kanga ya shangazi, akaendelea.

Niliona hasira ikimjaa shangazi usoni. Kisha nikaona ikiondoka, na kilichobaki baada yake kilinitisha zaidi.

"Njiku."

Kaka aliruka kama aliyeguswa na moto. "Shikamoo shangazi! Sikukuona. Hili jua..."

"Jua liko mgongoni kwako."

Wanaume waliokuwa karibu wakageuka.

"Tangu lini," shangazi akauliza, "unanunua ng'ombe kwa vidole, kama mtu anayetafuta chawa?"

Wengine wakacheka. Kaka akajaribu kucheka nao. "Shangazi, hapa kuna watu wazima."

"Ndio hao ninaotaka wasikie. Huyo uliyemshika ana rangi gani?"

Mkono wa kaka ulikuwa juu ya nundu ya fahali. Aliinamisha kichwa akakigeuza upande, kama kuku anapotazama punje, akijaribu kumwona kwa ukingo wa jicho.

"Mwekundu," akasema.

Fahali alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe. Hakuna aliyecheka tena. Hata yule mfugaji mtani alitazama chini. Kaka akautoa mkono wake polepole, na akazungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akichanganya Kiswahili na Kinyaturu: jicho la kushoto limeingia utando mweusi unaoelea kama buibui amejenga humo, na la kulia, kila anachokitazama, katikati hakipo.

Shangazi akamshika mkono mbele ya wote. "Tumbo lako umelitunza ili watu walitazame," alimwambia. "Macho ya kuwatazama wao umemwachia nani?" Akawaomba radhi wazee kwa ajili yake, akaacha kuku zake palepale kwenye tenga, tukaondoka.

Tulisafiri hadi hospitali kubwa yenye daktari wa macho. Alimtia matone, akasubiri mboni zipanuke, akamulika, akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniita nami nitazame. Nilikuwa nimewachorea wanafunzi jicho kwenye ubao mara nyingi mno; siku ile ndipo nilipoliona. Retina ni ule utando ulioko nyuma ya jicho unaopokea picha. Kwenye jicho la kushoto damu ilikuwa imemwagika ndani, na utando umevutwa ukabanduka. Hilo, daktari alisema, hawezi kulirudisha. La kulia lilikuwa limevimba katikati na limeota mishipa mipya dhaifu pembeni, ambayo nayo ingepasuka. Alilipiga leza ili kuokoa kilichobaki. Kilichobaki ndicho hicho ulichokijua wewe: aliona mlango, aliona mwanga, alijua kuna mtu. Sura hakuiona tena.

Nilimuuliza daktari swali ninalotaka kukuandikia neno kwa neno, kwa kuwa ndilo lako. "Je, ni unene uliompofusha kaka yangu?" Hakunijibu kwa haraka, na kwa hilo nilimwamini. Alisema kinachoharibu mishipa ya jicho ni sukari iliyokaa juu katika damu kwa miaka, na shinikizo la damu likiwapo linaongeza kasi. Lakini mafuta yanapojaa, hasa haya ya ndani ya tumbo yanayozunguka ini na matumbo, yanaifanya insulini ya mwili isisikilizwe. Kongosho linaitoa, mwili unaikataa, sukari inabaki njiani. Mafuta hayohayo huleta shinikizo la damu, na huvuruga mafuta yaliyomo katika damu yenyewe. Kwa hiyo tumbo halikutoboa jicho kwa mkono wake, alisema, lakini limekuwa likiwafungulia mlango wale wanaotoboa.

Nimeendelea kusoma habari hizi tangu siku hiyo. Sitaki nikutishe kwa uongo, maana uongo wa kutisha nao ni uvumi. Wako watu wembamba wenye kisukari waliopoteza macho, na wako wanene walioona vizuri mpaka uzeeni. Wataalamu bado wanabishana jinsi mafuta ya mwili yanavyohusiana na ugonjwa huu wa retina, na wengi wao wanaona kwamba mzunguko wa kiuno unaeleza zaidi kuliko uzito wa mizani. Sijui kama kaka angebaki mwembamba macho yake yangepona kabisa. Ninachokijua ni kwamba alipopungua sukari ilishuka, na aliporudisha tumbo ilipanda, na kwamba angepimwa macho mapema leza ingemkuta bado ana cha kuokoa. Hayo mawili yalikuwa mikononi mwake. Yamo mikononi mwako sasa hivi.

Siku ya arusi yako nilikaa naye kiti cha pili kutoka mbele. Akaniinamia, akaniuliza, "Mkwe wangu ana sura gani?" Nikaanza kumweleza: urefu, rangi ya ngozi, umbo la uso. Akanikatiza. "Usinieleze kama mwalimu. Nieleze kama mtu." Nikashindwa, mwanangu. Nilikuwa na maneno yote ya Kiswahili sanifu, nikashindwa.

Basi sikiliza nasaha yangu, nami naitoa bila kuizungusha. Kuona vizuri leo si cheti cha macho mazima. Mwenye kisukari hupimwa retina kila mwaka, hata kama anaweza kuusoma ujumbe wa simu gizani. Punguza tumbo hilo, wala usilipunguze kwa kushinda njaa au kwa dawa za mtaani, maana aliye kwenye vidonge vya sukari akijinyima kiholela anaweza kuanguka. Zungumza kwanza na kliniki, kisha tembea, kula mboga na nafaka zisizokobolewa, acha mafuta ya kuogelea na soda, na asali ihesabu kuwa sukari. Pima na shinikizo la damu. Ukiona vitu vyeusi vinaelea, au mstari ulionyooka unaonekana umepinda, nenda siku hiyohiyo. Vidonge usiviache kwa sababu mtu amekuambia jirani yake aliviacha akapona. Na siku watu watakapokuuliza mbona umekonda, wajibu kwa sauti, mbele ya wote, bila kufunga vifungo vya koti: nimekonda kwa sababu nataka kuona.

Mungu wa baba zetu akupe unyenyekevu wa kupimwa kabla hujaugua, ailainishe shingo yako ngumu ambayo najua umeirithi upande gani, awatunze mkeo na watoto, na akujalie uzee wenye mwanga.

Barua hii inakuja leo na dereva wa gari la jioni, nami kesho nitapanda gari la asubuhi kutoka Mgori. Uwe umevaa, na karatasi ya rufaa uwe nayo. Wakishakutia matone yale, mwanga utakuumiza na kwa saa chache hutaona vizuri, hivyo utahitaji mtu wa kukuongoza njiani. Mtu huyo nitakuwa mimi. Namwomba Mungu iwe mara hiyo moja tu, kwa saa hizo chache, na baada ya hapo pasiwe na mtu yeyote mwenye haja ya kukushika mkono ili ufike nyumbani kwako.